Miluzi ya Mbegu za Bibi

Umeme ulikatika, mashine zangu zote zikanyamaza kwa mpigo mmoja. Jenereta ninayo, usije ukadhani sina, tena ni kubwa kuliko ya ile hoteli ya jirani, ila kijana wa kuiwasha alikuwa amekwenda kunywa chai. Basi kwa muda ule mfupi uwanja wangu wa Kahama ukawa kimya. Si jambo la kawaida hilo. Kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, pale hakuna anayemsikia mwenzake kwa ngurumo za kubangua na kukamua. Na ndani ya kimya hicho nikasikia mluzi.

Alikuwa mmoja wa kina mama wanaopembua karanga. Ameinamia ungo, vidole vinachambua mawe na mapumba, midomo imejikunja, mluzi mwembamba unatoka wala hajui kama anaupiga.

Nikafoka. "Nani anapiga mluzi kwenye kazi yangu?"

"Samahani, tajiri. Nilijisahau."

Kufoka kule ni mazoea ya mgodini, nitakueleza mbele. Lakini nilipomaliza kufoka miguu ikaanza kuniwasha. Nikakaa juu ya gunia, nikainuka. Nikaenda getini, nikarudi. Harufu ya karanga mbichi ilikuwa imetulia puani, nami kwa wiki nzima nilikuwa nakwepa simu za shangazi yangu. Alichotaka nilikijua. Wachimbaji walikuwa wamerudi kijijini, wanalitaka shamba la marehemu bibi. Ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kunisubiri mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyetoka, mimi ndiye mwenye magari, na neno langu likishatoka hakuna wa kulirudisha. Nikisema ndiyo, wanachimba. Nikisema hapana, wanawake wanaolima pale wanapanda karanga mvua zikianza. Na mvua zilikuwa zinanukia.

Nikachukua ufunguo wa gari.

Mimi, ndugu yangu, nimesoma mpaka darasa la nne tu, na hilo la nne lenyewe nilikuwa naliona kupitia dirishani zaidi kuliko dawatini. Mwalimu wetu alikuwa akiniambia mbele ya darasa kwamba nitakufa nachunga ng'ombe wa watu. Leo wanaokuja kuniomba kazi wana vyeti vya kufunika meza. Lakini ukiniuliza nilisoma wapi, nitakwambia nilisoma katika lile shamba la bibi, juu ya mkeka, kidole gumba kikiwa kimevimba.

Shamba lenyewe liko upande wa Msalala, kwenye mteremko wa kilima ambacho udongo wake ni ule wa kichanga tunaouita luseni. Kule bondeni kwenye mbuga nyeusi unaotesha mpunga, lakini karanga ukizipeleka kule zinaoza, na siku ya kuzing'oa utahitaji sururu. Luseni ni laini. Unashika shina, unavuta taratibu, na karanga zinakuja zote zimening'inia kama watoto wa panya, mchanga unadondoka wenyewe. Bibi alikuwa akiuchota udongo ule na kuuachia upite katikati ya vidole, huku anautazama kama mtu anayemtazama mjukuu mchanga akioga.

Kwetu pamba ilikuwa ya wanaume na ng'ombe walikuwa wa wanaume. Karanga zilikuwa za wanawake. Baba alikuwa na ekari zake za pamba, ana jembe la ng'ombe, ana sauti. Bibi alikuwa na mteremko wake na jembe la mkono lililoliwa likabaki kama kijiko. Lakini nikwambie kitu: pamba hatukuwahi kuila. Kila kilichoingia tumboni mwetu kikawa na ladha, kilitoka kwenye ule mteremko. Michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyopikwa na karanga za kusagwa, uji uliotiwa karanga, zile mboga za majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa, ambazo bila karanga ni kama kutafuna kamba. Bibi alizikaanga kwa mchanga wa moto ndani ya kipande cha chungu kilichovunjika, zikanuka mpaka jirani akaja kuomba moto wakati moto kwake anao.

"Umefuata moto au umefuata pua?" bibi alikuwa akimuuliza.

"Nimefuata vyote, mama. Nipe vyote."

Jirani huyo alikuwa mwanamke aliyeachika, aliyerudishwa kwao na watoto na sufuria moja. Bibi alimkatia matuta ya pembeni, akampa na mbegu. Sikumbuki kama kuna mtu aliyekuja kuomba mbegu kwa bibi akaondoka mikono mitupu. Ila kulikuwa na sharti. Ukichukua kikombe cha mbegu, baada ya mavuno unarudisha kikombe, na unakuja na watoto wako kubangua. Hapo ndipo penye hadithi yangu.

Karanga za mbegu bibi alizihifadhi na maganda yake, ndani ya chungu kilichozibwa kwa majivu na samadi, juu ya dari ya jikoni, moshi unazipitia mwaka mzima. Wingu la kwanza likionekana, chungu kinashushwa. Wengine, wakati wa kubangua, walizimwagia maji kidogo ili maganda yalainike. Bibi hakutaka hata kusikia. Alichukua moja, akaitikisa karibu na sikio lake, kisha karibu na sikio langu. "Umesikia?" Nikisikia punje inacheza ndani, nzuri. Nisiposikia, inawekwa kando. Kwa hiyo tulibangua kavu, ganda gumu kama kucha, kwa kidole gumba, mpaka kidole kinavimba na usiku unakilalia kwapani.

Sasa fikiria. Watoto wengi, wenye njaa ya mwezi wa Novemba, ghala la mtama limebaki na vumbi, wamezunguka mlima wa karanga. Nani asile? Bibi alikuwa na dawa yake. Anayebangua mbegu sharti apige mluzi. Mwanzo mpaka mwisho. Yeye aliketi nyuma yetu amefumba macho, unaweza kudhani amelala, na mluzi mmoja ukikatika tu anasema bila kufumbua: "Nataka kuwasikia."

Hilo ndilo neno lake ambalo mpaka leo naliota. Nataka kuwasikia. Maana mdomo uliojaa karanga hautoi mluzi, ukijaribu utatema makombo kifuani mwako, watu wote wakuone.

Wasichana walipiga pia. Mzee mmoja wa kanisani alikuja kulalamika kwamba bibi anaharibu mabinti, binti gani anapiga mluzi kama mchunga ng'ombe? Bibi akamuuliza kama ana mbegu za kutosha kwake. Mzee hana. Basi, akaketi, akapewa karanga za kuchemsha, na hatukumsikia tena juu ya habari ile.

Katika miluzi yote iliyowahi kupigwa kwenye ule mteremko, wangu ulikuwa wa kwanza. Sisemi kwa kujisifu, uliza mtu yeyote wa rika langu. Nilikuwa naweza kupiga mluzi mrefu wa kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na ule wa kupanda na kushuka kama ndege. Mtu pekee aliyenikaribia alikuwa shangazi, mdogo wa mwisho wa baba, ambaye wakati huo alikuwa binti bado hajaolewa. Yeye husema mimi ndiye niliyemkaribia yeye. Tumebishana miaka yote hii na hatutamaliza.

Kisha dhahabu ikaja.

Habari zilianzia upande wa Bugarama. Mtu kaokota jiwe, mwingine kaokota kubwa zaidi, na kabla hujajua, vijiji vyetu vikajaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Walikuja na sururu, na turubai, na redio, na Kiswahili chepesi ambacho sisi tuliozoea Kisukuma tulikisikiliza midomo wazi. Mashamba ya watu yakawa maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao. Mwaka ule pamba ya baba ililala ghalani bila mnunuzi. Wachimbaji walipomwambia kwamba mwamba wao unaelekea kwenye mteremko wa mama yake, baba hakuhangaika kufikiri.

Nilikuwepo alipokuja kumwambia bibi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, ardhi ni ya ukoo."

"Ni kweli, ya ukoo," bibi akasema.

"Basi nimewaruhusu."

"Sawa. Na mbegu ni za nani?"

Mbegu zilikuwa za bibi, hilo lilijulikana na kila mtu. Bibi akasema tena sawa, akaendelea kupepeta mtama wake. Nikaona ajabu, maana kwa mara ya kwanza bibi yangu alikuwa ameshindwa na mtu.

Kesho yake wachimbaji wakafungua duara pale pale katikati ya mteremko. Kesho yake hiyo hiyo bibi akakishusha chungu, akabeba mkeka, akatuita watoto wote na wale wa jirani, akatandika hatua chache kutoka mdomo wa shimo. "Kaeni," akasema. "Nataka kuwasikia."

Nilikuahidi kukueleza kwa nini nilimfokea yule mama wa uwanjani. Mgodini hakupigwi mluzi. Mchimbaji yeyote atakwambia. Mluzi unaifukuza dhahabu, mwamba unajikunja na kwenda zake, na wengine husema unaziita kuta ziporomoke, zije zikae chini. Mtu anaweza kuiba jiwe akasamehewa, lakini apige mluzi juu ya duara wenzake wakiwa chini! Bibi alijuaje? Sijui. Alikuwa akiwauzia uji asubuhi, labda alisikia huko.

Tukaanza. Kundi zima, kavu, kwa nguvu, kila mmoja na sauti yake. Mkuu wao, mtu mnene aliyevaa kofia ya sufu jua kali, akatoka mbio shimoni kama aliyeumwa na siafu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje huko chini?"

"Tumeamka salama. Ila bibi, hawa watoto..."

"Wamefanyaje?"

"Wanapiga mluzi!"

"Ndiyo. Wanabangua mbegu."

"Si wakabangulie nyumbani?"

"Nyumbani kuna kuku."

"Bibi, kwetu sisi mluzi ni mwiko. Mwiko kabisa."

"Kwako mwiko, baba. Kwangu ni kufuli. Nikilifungua, hawa wananimalizia mbegu. Utanipandia wewe?"

Mkuu alikuwa mtu mjanja. Siku iliyofuata alikuja na beseni la mandazi, moto moto, mafuta yanametameta. Akatugawia mwenyewe kwa mkono wake. "Kuleni, wanangu, kuleni hapa hapa." Ukimya ukaingia, na kule shimoni tukasikia sururu zinaanza kugonga kwa furaha. Mwenzangu, sisi mandazi tulikuwa tunayaona sikukuu! Nililitia langu mdomoni, utamu ukanipanda mpaka kwenye masikio, na hapo nikamwona bibi. Amefumba macho. Hakusema hata lile neno lake.

Nikalitoa lile andazi mdomoni, nikalibana kwapani, nikapiga mluzi wa kuitia ng'ombe. Ule mrefu. Sururu zikakatika. Shangazi akalitia lake kifuani, akapokea. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wanatema makombo, wanacheka, wanapiga mluzi nusu na kutafuna nusu. Mkuu akatupa kofia yake chini.

"Wewe mtoto, una shetani!"

"Hana shetani," bibi akasema, na macho bado kayafumba. "Ana meno mazuri tu."

Tuliendelea hivyo siku baada ya siku, na karanga zilizobanguliwa bibi alizichanganya na zile zenye maganda ili kazi isiishe, tukaanza upya, nasi tukajifanya hatukuona. Wachimbaji wakaanza kugombana wao kwa wao. Mara huyu hataki kushuka, mara yule ameota vibaya. Kisha asubuhi moja ukuta wa duara ukakaa chini. Hakukuwa na mtu ndani, ndoo tu na kamba. Lakini iliwatosha. Walikunja turubai wakahamia ng'ambo ya kilima, na mvua ilipoanza bibi alipanda mteremko wote, hata pale penye shimo lililofukiwa. Karanga za pale zilikuwa nene kuliko zote. Baba alizila kimya, kikombe baada ya kikombe, anatupa maganda nje ya mlango kwa hasira.

Nilipokua, na mimi nikaenda kwenye maduara. Ungefikiri ningeenda wapi? Sikuwa na cheti, nilikuwa na mgongo. Nimeshuka mashimo ya Geita ambayo ukitazama juu unaona mbingu kama shilingi. Nimebeba mawe, nimelinda mawe, nimemiliki mawe, na mwisho nikanunua karasha yangu ya kusagia mawe, nikawa natawala sauti na vumbi. Na ndiyo, nilipokuwa na maduara yangu mwenyewe, nilimfukuza kazi papo hapo kila aliyepiga mluzi. Daktari mmoja wa hospitali ya Kolandoto alinitazama picha ya kifua akaniambia kifua changu kina mchanga mwingi kuliko barabara ya kwetu. Nikauza karasha. Nikaingia kwenye karanga, na huko pia nikafika mbele, kwa sababu mimi nikiingia kwenye kitu siingii nusu.

Lakini njaa ya jiwe haikuisha. Ninapotembea natazama chini. Nikiona jiwe jeupe barabarani nasimamisha gari. Mke wangu anasema hata kanisani natazama sakafu.

Kwa hiyo unielewe nilivyofika kijijini siku ile. Kilima chetu upande mmoja kimeliwa, kimebaki kama jino bovu. Upande wa pili bado kuna mteremko wa bibi, matuta yamekwishainuliwa, mekundu na mapya, yanasubiri mvua. Na pembeni ya njia, kabla sijafunga hata mlango wa gari, nikaliona jiwe. Jeupe, lina mshipa wa kutu. Wewe ungelipita. Mimi moyo ulinipiga. Nikalitia mfukoni.

Shangazi sasa ni mwanamke mzima wa nywele nyeupe, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha karanga. Mkeka ulikuwa umetandikwa palepale, akina mama wamezunguka. Kuna mjane ambaye mumewe alibaki chini ya duara. Kuna mama wa Kiislamu aliyekuja akifuata migodi kutoka upande wa Kigoma, dhahabu ikahama, yeye akabaki. Kuna kijana aliyevunjwa mguu na mwamba, anatembea na gongo, ndiye msimamizi wa vichanja vyao vya kukaushia. Huyo kijana ni mkali! Karanga ikigusa chini wakati wa kuanika, anaitupa. Wamefundishwa habari za sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoingia karanga zikipata unyevu, na hakuna tena anayemwagia maji maganda. Wanauza kwa pamoja, kwa mzani. Zamani nilikuwa nanunua kwao kwa magunia ya lumbesa, yale yanayofungwa na kichwa juu kama mtu aliyevaa kilemba. Siku niliyokuja na lumbesa zangu mjane yule aliniambia, "Tajiri, gunia lako lina ujauzito, lipeleke kliniki." Tangu siku hiyo nanunua kwa mzani kama watu wengine. Za kuuza wanazileta kwenye mashine yangu. Za mbegu wanabangua kwa mkono, kwa sababu mashine inachuna ngozi ya punje na punje iliyochunwa haioti vizuri. Mbegu zenyewe ni zile zile, ngozi nyekundu, punje fupi. Zimetoka kwenye chungu cha bibi kikombe kwa kikombe.

Ila hakuna mluzi tena. Simu ilikuwa imewekwa juu ya sufuria inaimba, na hakukuwa na watoto. Watoto wako shule, na hilo ni jema, sikatai. Wakubwa hawahitaji kufuli.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Simu yako imekufa?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Najua. Wewe ukikaa ardhi inakuunguza. Kaa hivyo hivyo." Akanisukumia ungo wenye karanga. "Bangua."

Nikaketi, na suruali yangu ya pasi. Mkuu wa wachimbaji alikuwa amekwishafika, kijana mdogo, miwani ya jua, pikipiki mpya. Akachuchumaa ukingoni mwa mkeka.

"Shikamoo, tajiri. Sisi tunakusubiri wewe tu. Wewe mwenyewe unaujua mwamba, huhitaji kufundishwa."

"Naujua kabla hujazaliwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Mama zetu hawa tutawatafutia eneo lingine."

"Lipi?" yule mama wa Kigoma akauliza. "La mbugani? Tupande karanga au tupande vyura?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, jiwe lilikuwa linanichoma pajani. Nikaanza kumweleza yule kijana habari za mwamba, unavyolala, unavyokata kona, jinsi nilivyofuata mshipa mmoja kule Geita mpaka wenzangu wote wakakata tamaa, mimi nikaupata. Anatikisa kichwa, anasema aisee, tajiri, aisee. Nikampa na habari za karasha. Vidole vyangu vinabangua vyenyewe, vinajua kazi yao tangu utotoni. Nilikuwa naongea vizuri kweli siku ile. Nilikuwa karibu kabisa kulitoa lile jiwe mfukoni na kumwonyesha.

Shangazi hakuinua uso. Akaizima simu iliyokuwa inaimba.

"Mbona sikusikii?" akasema.

Nikamtazama. Akina mama wote waliacha kubangua, wananitazama mdomo. Ndipo nikaihisi. Karanga ilikuwa chini ya ulimi, na nyingine imeshakuwa unga kati ya meno, na ungo wangu una maganda mengi na punje chache. Mtu mzima, tajiri wa Kahama, nimekaa hapo nakula mbegu.

Nikameza. Nikakunja midomo nipige, angalau nifute aibu. Hewa ikatoka. Hewa tupu, na mkwaruzo kwa mbali kama mtu anayepuliza majivu. Nikajaribu tena. Ule mrefu wa kuitia ng'ombe, ambao bonde zima liliujua, haukuwepo. Nikakohoa mpaka macho yakatoka machozi, na yule kijana wa gongo akaniletea maji.

Wakati nakunywa, shangazi akapiga. Mwanamke wa umri ule, meno yamepungua, lakini mluzi ukatoka mzima, ukapanda, ukavuka mteremko ukaenda kugonga ule upande wa kilima ulioliwa, ukarudi. Mjane akapokea. Mama wa Kigoma hakuwa fundi, lakini alipokea. Mkuu wa wachimbaji akasimama haraka, anajipangusa magoti, uso umembadilika. Miwani na pikipiki, lakini ni mchimbaji yule yule.

"Tajiri, sasa neno lako ni lipi?"

"Si umesikia mwenyewe?" nikamwambia.

Akavaa kofia yake ngumu ya pikipiki na kuondoka, na alipofika barabarani bado walikuwa wanapiga.

Jiwe ninalo. Liko kwenye dashibodi, silitupi, sitakudanganya. Ninapopita Buzwagi narudi mjini, nafunga vioo, nakunja midomo na kujaribu, na dereva wangu anajifanya hasikii. Kipo kitu fulani cha ulimi na pumzi ambacho mtoto anakijua na mtu mzima hakumbuki alikiweka wapi. Bibi alizikwa upande wa juu wa lile shamba zamani, na chungu kilivunjika mwaka aliokufa. Ghala la pamba la baba ni gofu, mbuzi wanalala ndani. Wale watoto wa mkeka wametawanyika, wengine wako chini ya ardhi ya Geita, wengine sijui. Mara nyingine ninasimama katikati ya uwanja wangu, mashine zote zinanguruma, na nahisi kuna mtu amekaa nyuma yangu amefumba macho, anasubiri, nami sina cha kumsikilizisha ila chuma.

Yule mama wa ungo nilimwambia apige mluzi akitaka. Akaona nimepata homa.

Mvua imeshaanza kunyesha Kolandoto, na kwetu itafika. Nimewaambia nitakuja siku ya kupanda, na mikono yangu mwenyewe, bila dereva. Shangazi amekubali. Ila ameniambia nile kwanza nyumbani, nishibe.